Ombi la Kurudishiwa Ubovu Katika Visu vya Kukunja

Meza ya Ukaguzi,
Chumba cha Nne, nyuma ya stoo kuu.
Jumamosi, mchana.

Kwa Meneja Mkuu,
Ghala la Zana za Mkono.

YAH: VISU VYA KUKUNJA VYA BEI NAFUU KUKOSA UBOVU

Ndugu Meneja Mkuu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu, na ukikisoma mara mbili usidhani nimekosea.

Mimi ni yule mkaguzi wa visu vya kukunja ambaye wenzangu kazini wananiita Tikisa, kwa sababu ya namna ninavyokitikisa kisu karibu na sikio kabla ya kukitolea hukumu. Unanifahamu, ingawa tunaonana mara mbili tu kwa mwaka, na moja kati ya hizo huwa ni kwenye ngazi. Kwa umri wewe ni sawa na mdogo wangu wa mwisho kabisa, lakini kwa cheo wewe ndiye mama yetu, kwa hiyo shikamoo naiacha hapo katikati, aichukue atakayeona inamfaa.

Nimekaa kwenye meza hii miaka kumi na tisa. Mwanzoni mwa wiki nilipokea waraka wako ukisema kwamba, kwa kuwa shehena tatu za visu kutoka kwa mtengenezaji mpya zimepita bila kisu hata kimoja kukataliwa, basi shehena ya nne nayo ikipita, meza ya ukaguzi itatolewa, chumba kitawekwa mashine ya kurudufu, na mimi nitahamishiwa getini kuhesabu magari yanayoingia na kutoka. Mama Meneja, shehena ya nne imepita. Nimeimaliza jana saa tisa alasiri. Visu elfu moja na mia mbili, vyote vizima. Jumatatu asubuhi gari linavipeleka madukani pamoja na vile vya shehena tatu za kwanza ambavyo bado vipo stoo, na jioni yake fundi anakuja kuing'oa meza yangu. Nimeumia, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo kwa lugha ya kiofisi.

Sikulalamikii wewe. Waraka wako umeandikwa vizuri na una mhuri. Ninavilalamikia visu, na malalamiko yangu ni haya:

1. Mtihani umevuja.

Ili uelewe uzito wa jambo hili ni lazima nikueleze kazi yangu, maana nina hakika hakuna aliyewahi kukueleza. Fomu ya ukaguzi ina maswali saba, na niliyaandika mwenyewe mwaka wangu wa kwanza. Kwanza natikisa: kikilia kachakacha, ribiti, ile pini inayolishika bapa kwenye mpini, imelegea. Pili nakifungua kwa kidole gumba mara kumi, na kikikwama hata mara moja kimefeli. Tatu naegemeza mgongo wa bapa kwenye meza na kuukandamiza mpini, nione kama loki inayolizuia bapa lisijifunge itaachia. Nne nakifunga na kupitisha karatasi nyembamba kila upande, kwa kuwa bapa linalolalia upande mmoja ndani ya mpini ni dalili ya kiwanda kisichojiheshimu. Tano nahesabu skrubu. Sita nakining'iniza kwa klipu yake kwenye mfuko wa suruali kuukuu niliyoipigilia misumari ubavuni mwa meza, kisha navuta. Saba nanusa mpini, maana plastiki mbaya haijifichi puani.

Maswali haya yalikuwa siri kati yangu na visu. Mtengenezaji wa zamani hakuyajua, na kwa hiyo katika kila visu mia nilikuwa nakataa ishirini, na mwaka ukiwa mzuri hata thelathini. Kisha akaja Afisa Manunuzi huyu mpya, tunayemwita Bei Chee, akamtumia mtengenezaji mpya nakala ya fomu yangu ili, kwa maneno yake, ajue tunataka nini. Wapi na wapi? Mwalimu gani anampelekea mwanafunzi mtihani nyumbani, na kalamu juu? Sasa visu vinakuja vimekariri. Unakitikisa, kimya. Unakifungua, kinafunguka kwa adabu. Unaunusa mpini, hauna harufu yoyote, utadhani umeogeshwa. Kisu cha bei ya chakula cha mchana hakina haki ya kuwa na tabia njema kiasi hicho.

2. Nimeanza kushukiwa.

Mtunza Stoo, ambaye tumekunywa naye chai kwa miaka yote hii, ameniuliza mbele za watu kama mtengenezaji mpya amenikatia kitu kidogo. Dada wa Masijala naye ameacha kuziweka fomu zangu kwenye faili. Anasema zote zinafanana, hivyo ameweka moja, na kwenye jalada ameandika "na nyingine kama hiyo". Wino mwekundu wa mhuri wangu wa KIMEKATALIWA umekauka. Nilipoomba mwingine niliambiwa nieleze kwa maandishi nitautumia wapi, na nikakosa la kuandika.

3. Ukaguzi umehamia nyumbani kwangu.

Jicho lililozoea kutafuta kasoro halifungwi kwa komeo saa kumi jioni. Wiki ya kwanza nilikagua bawaba za milango yetu, mbili zikafeli. Wiki ya pili nikamaliza vijiko. Wiki ya tatu shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuja kututembelea na mwavuli mpya, nami nikaufungua na kuufunga mara kumi pale sebuleni kabla sijamkaribisha kiti. Mara ya nane ulikwama. Nilimwambia ukweli, na akaondoka na mvua ikinyesha bila kuufungua, kwa hasira.

Hayo yote tungeyamaliza kifamilia. Lakini mwezi uliopita binti yetu, yule fundi cherehani, alimleta mchumba wake tumuone. Kijana mpole, amechana nywele vizuri, akanyoosha mkono kunisalimu. Nilimpa mkono, na kabla sijajizuia nilikuwa nimeuinua mkono wake hadi sikioni na kuutikisa. Ulilia. Ninaapa, Mama Meneja, ulilia kwenye kiwiko. Baadaye daktari wa mifupa alithibitisha kwamba kiwiko kina hitilafu ya siku nyingi, lakini uthibitisho huo haukunisaidia chochote nyumbani. Binti haongei nami. Mke wangu na shemeji walinikalisha kikao, wakaamua nitafutiwe saa mbovu ya ukutani ili niwe naishughulikia jioni. Nimeipokea, na ninashukuru, lakini saa moja haiwezi kumtosha mtu aliyezoea visu mia mbili kwa siku.

4. Mtaa wetu umeyumba.

Kama unavyojua, au kama unavyopaswa kujua, kanuni zinaruhusu visu vilivyopigwa mhuri mwekundu kugawiwa wafanyakazi. Mimi vyangu nilikuwa navipeleka mtaani. Fundi redio alikuwa anafungulia skrubu. Muuza rangi alikuwa anabandulia vifuniko vya makopo. Kinyozi alikibana kimoja dirishani ili lisijifunge, na bibi wa nyumba ya pili alikiweka chini ya mguu wa kabati, kabati likatulia baada ya miaka minne ya kuyumba. Mwalimu wa jirani alikwangulia gundi kwenye madawati. Hakuna kisu changu kibovu kilichowahi kukaa bure.

Sasa ni mwezi wa nne sijamletea mtu kitu. Cha kinyozi kilianguka nje kikapotea, na dirisha likambana mteja kidole akiwa amenyolewa upande mmoja, akaondoka hivyo hivyo. Watu wameanza kunijibu salamu kwa mkato. Wanadhani nimepandishwa cheo nikawasahau, na mimi naona haya kuwaambia kwamba visu siku hizi vinafaulu.

5. Watu watachanganyikiwa.

Tangu tukiwa wadogo tumefundishwa kwamba cha rahisi hakidumu. Somo hilo limeshikilia nyumba nyingi. Asiye na uwezo wa kununua kitu kizuri hujifariji nalo, mwenye uwezo hujisifu nalo, na wote wawili wanalala usingizi. Sasa mpe mtu kisu cha bei nafuu kisicho na kasoro. Siku ya kwanza atafurahi. Siku ya pili atakitazama kisu cha bei mbaya cha bosi wake na kujiuliza tofauti iko wapi. Siku ya tatu atauliza hivyo hivyo kuhusu viatu, siku ya nne kuhusu shule anayomlipia mtoto, na kabla wiki haijaisha atasimama mlangoni pa ofisi yako, akitazame kile kiti chako cha ngozi kinachozunguka, kisha aje akitazame kigoda changu cha miguu mitatu, na aulize. Hapo hatakuwepo mtu wa kumjibu, kwa kuwa mimi nitakuwa getini nahesabu magari. Ubovu kidogo kwenye vitu vya rahisi ndio unaomfanya kila mmoja wetu abaki kwenye kiti chake bila maswali. Nakuomba ulifikirie hilo ukiwa umekaa.

6. Nimejaribu kujisaidia mwenyewe, nikashindwa.

Hili naliandika kwa shingo upande, lakini heri ulisikie kwangu kuliko kwa Mtunza Stoo. Jumanne, wenzangu wakiwa wamekwenda kula, nilichukua bisibisi ndogo nikalegeza skrubu za visu kumi na kimoja. Kisha nikakaa, nikajifanya sijui kitu, nikachukua cha kwanza na kukitikisa. Kachakacha. Mama Meneja, machozi yalinilenga. Nilikuwa sijaisikia sauti ile tangu mwaka jana. Nikaulowesha mhuri mwekundu kwa chai, nikauinua, na mkono ukagoma hewani. Kile kisu hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, nami sijawahi kumfelisha asiye na kosa. Nikavikaza vyote kumi na kimoja, nikaviomba radhi kimoja kimoja, nikavipitisha. Mtunza Stoo aliingia nikiwa kwenye cha tisa, na maelezo atakayokupa kuhusu alichokisikia ni ya kweli.

Kwa hiyo basi, baada ya malalamiko, ninaomba. Umwandikie mtengenezaji aturudishie ubovu wa visu vitatu kwa kila mia. Kimoja kilegee, kimoja kikwame, na kimoja kinuke. Nimepiga hesabu nikaona kiasi hicho kinatosha kuibakiza meza na kuutuliza mtaa, bila kulichafua jina la ghala. Mtengenezaji akisema hajui kuharibu, niko tayari kusafiri nimfundishe. Fomu ya maswali saba irudishwe iwe siri, na Bei Chee apewe onyo, hata la mdomo. Na fundi wa Jumatatu azuiliwe. Nimebakiza miaka mitano nistaafu. Sijui kuhesabu magari, na hata nikijua, gari likipita limepita. Halimpi mtu nafasi ya kulishika na kulifikiria.

Ninaambatanisha visu saba vya mfano kutoka shehena ya nne, ili ujionee kwa macho yako jinsi vilivyokosa kasoro.

Nisalimie Dada wa Masijala na faili zake, Mtunza Stoo, akina mama wa usafi na dereva wa gari la madukani. Bei Chee naye msalimie, ila kwa ufupi. Wa nyumbani kwako wote, wakubwa kwa wadogo, nawatakia afya. Fundi akija kabla hujaisoma barua hii, mwambie misumari ya ile suruali aing'oe polepole, kitambaa kimechoka.

Ni mimi, mkaguzi wako mpaka Jumatatu jioni,

Tikisa,
Meza ya Ukaguzi.

Nakala: Afisa Manunuzi, aone aibu.

TANBIHI

Nilikuwa nimeshatia sahihi, nikarudi nyumbani na barua pamoja na visu vya mfano. Nikavipanga visu sita kwenye boksi dogo, nikalizungushia kamba na kupiga fundo, ikabaki ncha ndefu. Kile cha saba nilikuwa bado ninacho mkononi. Nikakifungua ili niikate ile ncha kwanza, ndipo nikipenyeze pamoja na wenzake.

Kamba haikukatika. Nikadhani nimekishika kinyume, nikakigeuza. Nikabadilisha mkono, nikabadilisha kiti, nikasogea dirishani penye mwanga. Kisha nikafungua fundo nikavitoa vile sita, nikavijaribu vyote kwa zamu. Mke wangu alikuwa kando anakunja nguo. Alinitazama nikiisugua kamba kwa kisu cha mwisho, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Baba watoto, hivi huko kazini kwenu kuna mtu amewahi kukata kitu?"

Niliivuta fomu yangu nikaisoma kuanzia swali la kwanza hadi la saba, kisha nikaisoma kuanzia la saba hadi la kwanza. Hakuna. Juu ya meza yangu ya kazi kipo kibao nilichokitundika kwa mkono wangu baada ya aliyenitangulia kujikata kidole, kimeandikwa MKAGUZI ASIGUSE MAKALI, na mimi nimekitii miaka kumi na tisa. Tangu utoto nasikia kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Sikuwahi kudhani methali hiyo inahusu kazi yangu.

Mtengenezaji hakutudanganya. Aliulizwa maswali saba akayajibu yote, na makali, ambayo hakuulizwa, hakuyatia. Na vile vya zamani, je, vilikata? Sijui. Nimewapitia fundi redio, muuza rangi, kinyozi na bibi wa kabati kuwauliza. Hakuna hata mmoja aliyewahi kujaribu.

Mke wangu aliniletea kisu chake cha jikoni. Bapa linacheza, mpini umefungwa kwa waya, na kimenuka vitunguu tangu tulipooana. Kwa fomu yangu kisingevuka hata swali la kwanza. Kamba ilikatika kwa mara moja.

Leo ni Jumapili. Nimekwenda stoo, mlinzi kanifungulia, nimebeba bunda zima la kamba. Nimefungua maboksi yote arobaini, nikajaribu kisu kimoja kutoka kila boksi, kisha nikapiga mhuri mwekundu mara arobaini. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Mimi nililia nipewe vibovu vitatu kwa mia, nimepewa mia kwa mia, na sikuisikia ile furaha ya Jumanne. Nimeona aibu tu.

Kwa hiyo, Mama Meneja, yote niliyoandika kuanzia namba moja hadi namba sita naomba uyahesabu hayakuandikwa. Bei Chee usimpe onyo. Nimeambatanisha fomu mpya yenye swali moja, naye aitume kokote apendako. Meza mnaweza kuing'oa, au kumpa mtu aliyewahi kukata kitu. Lakini visu hivi visiende madukani, kwa sababu watakaovinunua ni watu wasio na uwezo wa kununua cha pili. Na kwa kuwa sijui barua hii itakufikia saa ngapi, kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa nimeshafika getini, nimesimama mbele ya lile gari.